Mabaki ya Kompaila ya C: Maswali na Majibu

Miongoni mwa mambo yanayowashughulisha waandishi wa programu kwa lugha ya C, hasa wale wanaotumia kompaila ya GCC katika mfumo wa Linux, ni mafaili madogo madogo yenye majina yasiyosomeka, ambayo huonekana katika folda ya /tmp baada ya kazi kwisha, au baada ya kukatika kabla ya kwisha. Wapo wanaoyafuta kwa ghadhabu bila ya kuuliza yalikotoka, na wapo wanaoyahofu hata wasiyaguse mwaka mzima. Rai yangu, ambayo majibu yafuatayo yataifafanua, ni kwamba faili la muda lililosalia si maradhi bali ni dalili, na mwenye kuifuta dalili kabla ya kuisoma hujinyima ushahidi wa jambo lililotokea.

Swali: Katika /tmp nimekuta mafaili mengi kama ccQ3xT9a.s na ccLm02Ze.o. Ni ya nani, na kazi yake ni nini?

Hayo ni ya GCC. Amri ya gcc tunayoiandika kila siku si kompaila yenyewe, ingawa tumezoea kuiita hivyo. Ni mnyapara asiyeshika jembe kwa mkono wake, bali huwaita vibarua kwa zamu, akampa kila mmoja kazi yake na kuyapokea matokeo ili ampe anayefuata. Kibarua wa kwanza, cc1, husoma faili la C pamoja na mafaili ya vichwa yaliyotajwa ndani yake, akaligeuza kuwa lugha ya asembli; wa pili, as, huigeuza asembli hiyo kuwa faili la objekti, yaani maagizo ya mashine ambayo bado hayajaungwa; na wa tatu, collect2, humwita ld avishikanishe vipande vyote na maktaba zinazohitajiwa, ikatoka programu inayoweza kuendeshwa. Kwa kuwa kila mmoja huondoka kabla ya mwenziwe kuanza, pana haja ya mahali pa kuweka amana baina ya anayetoka na anayeingia, na amana hiyo ndiyo faili la muda.

Mwenye kutaka kuyaona haya kwa macho yake na aandike gcc -v salamu.c. Itapita mistari mirefu, na ndani yake ataona cc1 ameagizwa aweke kazi yake katika /tmp/ccQ3xT9a.s au jina jingine la namna hiyo, kisha as ameagizwa alisome faili lilo hilo na kutoa /tmp/ccLm02Ze.o, na jina hili la pili litatokea tena katika mstari wa collect2. Akitaka kuzisoma amri hizo pasipo kutekelezwa, badala ya -v aandike -###.

Desturi hii ni kongwe kuliko GCC yenyewe. Dennis Ritchie alipoiunda C katika Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mashine ya PDP-11 ilikuwa na anwani za biti 16, zisizofika mbali zaidi ya kilobaiti 64, na kompaila nzima haikuweza kukaa ndani kwa mara moja. Ikagawanywa vipande vilivyopokezana kazi kwa mafaili ya muda. Richard Stallman alipoitoa GCC mwaka 1987 mashine zilikuwa zimekwisha kukua, lakini mgawanyo ulibaki, kwa kuwa una manufaa ya kila sehemu kuweza kutengenezwa, kupimwa na kubadilishwa bila ya kuzigusa nyingine.

Swali: Mbona majina yake hayana maana? Ingekuwa vyepesi kuyatambua lau yangefuata jina la programu yangu.

Yamekosa maana kwa makusudi. Folda ya /tmp ni ya watu wote wanaoitumia mashine, na kila mmoja ana ruhusa ya kuweka kitu humo. Lau kompaila ingetumia jina linaloweza kubashiriwa, mtu mwenye hila angetangulia kuweka hapo kiungo chenye jina hilo, kinachoelekea faili la thamani la mwenzake, na kompaila, pasipo kujua, ingeandika juu ya faili hilo na kuliharibu. Kwa sababu hiyo GCC huanza na herufi mbili, cc, kisha huongeza alama sita za kubahatisha zinazotolewa katika herufi kubwa, herufi ndogo na tarakimu, ambazo jumla yake ni 62, na kwa nafasi sita hupatikana majina 56,800,235,584. Tena huomba faili lifunguliwe kwa sharti kwamba halikuwapo kabla, na kwa ruhusa ya mwenyewe peke yake kulisoma na kuliandika.

Maana iko mwishoni mwa jina: .s ni asembli, .o ni objekti, na .res ni orodha ambayo programu ya kuunga humwandikia msaidizi wake wa kuboresha maagizo wakati wa kuunga. Ukikuta neno ltrans katikati ya jina, ujue kwamba programu ilijengwa kwa swichi ya -flto, na kuwa kazi ilikatika ikiwa imefika katika hatua hiyo.

Swali: Nimefahamishwa kwamba GCC hufuta mafaili yake yenyewe. Imekuwaje basi mengine yasalie?

Hili ndilo mama wa maswali yote. Mnyapara gcc hushika orodha mbili: moja ni ya mafaili yanayofutwa kwa hali yoyote, kazi ikifaulu au isifaulu, na nyingine ni ya yale yanayofutwa kazi ikiharibika tu, kama faili la objekti uliloliagiza kwa -o. Kosa katika programu yako, hata liwe kubwa namna gani, halimzuii kuzipitia orodha hizo na kufuta. Wala kuanguka kwa cc1 hakumzuii, maana aliyeanguka ni kibarua, ilhali mwenye orodha yu hai. Fauka ya hayo, gcc amejiandaa kupokea ishara nne za kusimamishwa: SIGINT, itokanayo na Ctrl-C, SIGHUP, inayotumwa terminali inapofungwa, SIGTERM, ambayo ndiyo ishara ya kawaida ya amri ya kill, na SIGPIPE, inayomfikia anapoandika mahali pasipo na msomaji. Akipata mojawapo ya hizo hufuta kwanza, kisha hukubali kufa.

Kwa hiyo wanaoilaumu Ctrl-C huilaumu pasipo haki. Mafaili husalia pale mnyapara mwenyewe anapokufa bila ya kupewa nafasi: ama kwa SIGKILL, yaani kill -9, ambayo hakuna programu inayoweza kuipokea wala kuikataa, ama kwa SIGQUIT, itokanayo na Ctrl-\, ambayo gcc hakuiandalia chochote, ama kwa umeme kukatika, au kiini cha mfumo kuanguka, au kontena kuuawa pamoja na vyote vilivyomo. Iko pia sababu moja isiyo mauti: Ctrl-Z humsimamisha gcc pasipo kumwua, na mtu akisahau kuirejesha kazi hiyo, mafaili hukaa hapo kwa haki yake, maadamu mwenyewe hajafa. Amri ya jobs itakuonyesha kama una kazi ya namna hiyo iliyolala.

Swali: Nitamjuaje aliyeiua kompaila yangu?

Anza na saa. Amri ya ls -l --time-style=full-iso /tmp/cc* itakupa wakati wa kila faili hata sekunde, na wakati huo ndio uulinganishe na kumbukumbu za kiini cha mfumo, ambazo husomwa kwa journalctl -k au dmesg -T. Kisha tazama ukubwa. Faili la .s lililo tupu au lililokatika katikati ya mstari, pasipo na .o la kufuatana nalo, huashiria kwamba mauti yalifika cc1 akiwa kazini, na likiwapo .o lililojaa, aghalabu kazi ilikuwa imefika kwenye kuunga, ambako kwa programu kubwa ndiko kunakokula kumbukumbu nyingi.

Ukikuta katika kumbukumbu hizo maneno "Out of memory: Killed process" yakifuatwa na jina cc1 au ld, usiharakishe kuhukumu. Mfumo unapoishiwa na kumbukumbu humchagua mlaji mkubwa akamwua, na mlaji mkubwa ni cc1, si gcc, ambaye hula kidogo mno. Hivyo gcc hubaki hai, huandika "fatal error: Killed signal terminated program cc1", hufuta mafaili yake na kuondoka kwa heshima. Kumbukumbu zikiisha katika mashine ya kawaida, basi, aghalabu hutapata mabaki. Ukiyapata, tafuta palipouawa kundi zima: kontena lililopita mpaka wake likasombwa lote, au seva ya kujengea programu iliyokata kazi kwa sababu ya muda kupita.

Katika makontena ya Docker ziko alama mbili za kutazamwa. Ya kwanza ni namba ya kutokea 137, ambayo ni 128 kuongeza 9, na hiyo 9 ndiyo SIGKILL. Ya pili ni namna amri ya docker stop inavyofanya kazi: hutuma SIGTERM, hungoja sekunde 10, kisha hutuma SIGKILL, lakini SIGTERM hiyo huifikia programu ya kwanza ya kontena tu, na ikiwa programu hiyo ni sheli isiyoipitisha kwa walio chini yake, gcc hasikii lolote mpaka upanga ushuke. Dawa yake ni kuiandika amri ya kwanza kwa exec, ili sheli iondoke njiani. Na ikiwa kisa ni kumbukumbu kuisha, tazama jinsi make inavyoitwa: make -j isiyo na namba haina mpaka, nayo huweza kuwaita cc1 kwa makumi mara moja; iandikie namba, kama -j4, kwa kadiri ya kumbukumbu ulizo nazo.

Swali: Mimi mabaki yangu hayapo /tmp, yamo ndani ya folda yangu ya kazi, na yana majina ya programu yangu: salamu.i, salamu.s. Je, ni yale yale?

La, hayo si mabaki bali ni matakwa. Mtu fulani, huenda ni wewe mwenyewe zamani au aliyekuachia kazi, aliandika -save-temps katika Makefile, na swichi hiyo humwamuru gcc aziweke hatua zote za kati mahali pa wazi badala ya kuzifuta. Faili la .i ni programu yako baada ya mafaili ya vichwa kumiminwa ndani yake, na ndiyo sababu programu ya mistari mitano inayotaja stdio.h huzaa faili la mamia ya mistari. Tangu GCC 11, iliyotoka mwaka 2021, ukikusanya faili la C (yaani kuligeuza kuwa objekti) na kuunga kwa amri moja, jina la programu inayotoka huongezwa mbele, ikawa a-salamu.i au hesabu-salamu.i, na wengi wakadhani kwamba kompaila imeharibika. Tafuta swichi hiyo kwa grep -rn save-temps katika mafaili ya ujenzi, uiondoe, na kisa kimekwisha.

Walakini, ikiwa uliyoyakuta katika folda ya kazi yana majina ya cc na alama sita, hiyo ni habari nyingine, tena nzito zaidi. GCC hutafuta mahali pa mafaili yake kwa mpango maalumu: kwanza folda iliyotajwa katika TMPDIR, kisha TMP, kisha TEMP, kisha /tmp, kisha /var/tmp na /usr/tmp, na kote huko ikikosa ruhusa hurudi kwenye folda uliyosimama. Faili la ccxxxxxx ndani ya folda yako ya kazi ni ushahidi kwamba milango yote mingine ilifungwa. Mpango huu una mtego wake: ukiandika TMPDIR kwa makosa, ukataja folda isiyokuwapo, GCC haikuonyi kwa neno hata moja, hupita kimya kwenda mahali panapofuata, nawe utakaa ukiyatafuta mafaili mahali ambapo hayajapata kuwako.

Swali: Kompaila imekataa kazi, ikasema "Cannot create temporary file". Nifanye nini?

Soma mwisho wa kauli hiyo, maana sababu imo humo. Ikiwa ni "Permission denied", tazama ruhusa za folda kwa ls -ld /tmp, nazo ni sharti ziwe drwxrwxrwt. Zile rwx humruhusu kila mtu kuweka chake, na ile t ya mwisho ndiyo inayozuia faili lisifutwe na yeyote isipokuwa mwenye faili, mwenye folda, na msimamizi wa mfumo. Mtu aliyerudisha chelezo au aliyeumba /tmp upya mara nyingi huzisahau ruhusa hizo, na tiba yake ni chmod 1777 /tmp kwa idhini ya msimamizi.

Ikiwa ni "No space left on device", pima mara mbili: df -h /tmp kwa nafasi, na df -i /tmp kwa idadi ya mafaili, kwa sababu diski huweza kuwa na nafasi tele ya kuandikia ilhali imekwishiwa na vitambulisho vya kuandikishia mafaili mapya. Juu ya hayo, yafahamike mambo mawili. La kwanza ni kwamba /tmp iliyojaa haihesabiwi kuwa mlango uliofungwa: GCC hutazama ruhusa, haitazami nafasi, kwa hiyo haitahamia /var/tmp kwa hiari yake. La pili ni kwamba katika mifumo mingi ya leo /tmp haimo katika diski bali imo katika kumbukumbu za mashine, kwa njia iitwayo tmpfs, ambayo mpaka wake wa kawaida ni nusu ya kumbukumbu hizo. Mabaki yanayokaa humo hula kumbukumbu ambazo cc1 angezihitaji. Kazi kubwa ipeleke kwenye diski kwa kuandika, mathalan, TMPDIR=/var/tmp make -j4.

Swali: Je, naweza kuyafuta yote kwa rm /tmp/cc*?

Usithubutu, hasa katika mashine ya watu wengi. Amri hiyo hushika kila jina linaloanza na cc, liwe la kompaila au la programu nyingine, na hushika hata mafaili ya kazi inayoendelea dakika hiyo. Ukimnyang'anya as faili lake kabla ya kulisoma, atalalamika kwamba hawezi kulifungua. Ukimnyang'anya ld, atasema "cannot find" na kulitaja jina la /tmp. Na mwenye kazi atahangaika kutafuta kosa katika programu isiyo na kosa.

Njia ya hadhari ni hii:

find /tmp -maxdepth 1 -type f -user "$USER" -name 'cc??????.*' -mmin +1440 -print

Maana yake ni: tafuta katika /tmp pasipo kuingia ndani zaidi, mafaili ya kawaida tu, yaliyo mali yangu, yenye cc na alama sita kisha nukta, na ambayo hayajaguswa kwa zaidi ya dakika 1,440, yaani siku nzima. Isome orodha inayotoka. Ukiridhika nayo, rudia amri hiyo hiyo na mahali pa -print uweke -delete. Wala usiihamishe ikawa ya mwanzo, kwa kuwa find hutii maneno kwa utaratibu wake, na -delete iliyotangulia masharti hufuta kila ilichokikuta. Ukiwa na shaka juu ya faili moja, fuser na jina lake itakuambia kama iko programu iliyolishikilia.

Swali: Kwani mfumo hauna mfagizi wake?

Anaye, lakini desturi zake si moja kila mahali. Kwa kawaida ya systemd, mafaili ya /tmp ambayo hayakuguswa kwa siku 10 hufutwa, na ya /var/tmp kwa siku 30. Fedora iliihamishia /tmp katika tmpfs tangu toleo la 18, na Debian ikafuata katika toleo la 13 la mwaka 2025. Katika mifumo ya namna hiyo kuzima mashine hufuta kila kitu. Hapana budi kulikumbuka hilo unapotafuta ushahidi: umeme ukikatika, /tmp iliyo katika kumbukumbu hurudi nyeupe, na mabaki yatakayosalia ni yale ya /var/tmp au ya folda uliyoitaja katika TMPDIR. Na ukiwa umeweka folda yako mwenyewe, mfagizi wa mfumo haijui. Wewe ndiye mwenye wajibu wa kuisafisha.

Swali: Nimesikia kwamba -pipe huyaondoa mafaili haya kabisa. Ni kweli?

Ni nusu ya kweli. Swichi ya -pipe humfanya cc1 amimine asembli moja kwa moja kwa as kupitia mfereji wa mfumo, pasipo kuandika faili la .s, na palipo na diski nzito huweza kuharakisha kazi kidogo. Lakini faili la .o la muda hubaki pale pale ukiunga kwa amri moja, kwa kuwa ld hulazimika kurudi nyuma na mbele ndani ya objekti, na mfereji haurudi nyuma. Tena -pipe na -save-temps hazikai pamoja: ukiziandika zote mbili, GCC hukuonya kwamba imeipuuza -pipe. Mwenye kutaka objekti za muda zisiwepo na akusanye kila faili kwa gcc -c, akitaja jina la kutokea, kisha aunge kwa amri ya pili. Hapo objekti zinakuwa mali yake katika folda yake, nazo si za muda tena.

Swali: Na wanaotumia Clang, au GCC katika Windows?

Clang ina asembla ndani ya tumbo lake, kwa hiyo kwa kawaida haiandiki .s ya muda. Aghalabu faili inalolitoa huliandika kwanza kwa jina la bandia linaloishia na .tmp, kisha hulibadilisha jina kazi ikikamilika, na mabaki yake katika folda ya ujenzi ni haya ya .tmp. Ikianguka yenyewe huacha katika /tmp jozi ya mafaili, programu iliyomiminwa vichwa vyake na hati ya sheli ya kurudia anguko hilo. Hayo yamekusudiwa waundaji wa Clang, na asiyeyataka huandika -fno-crash-diagnostics.

GCC nayo, tangu toleo la 5, ina -freport-bug, ambayo kompaila ikianguka kwa kosa lake yenyewe huhifadhi ushahidi katika faili la .out ndani ya /tmp. Usilifute kabla ya kuwapelekea wenyewe. Lakini usilipeleke kabla ya kulisoma, kwa maana ndani yake imo programu yako yote, pamoja na siri zozote ulizoziandika humo.

Katika Windows mafaili hukaa ndani ya AppData\Local\Temp ya mtumiaji, na sababu iliyo maalumu kwa mfumo huo ni kwamba haukubali kufuta faili lililofunguliwa na programu nyingine pasipo ridhaa yake. Programu ya kuzuia virusi ikilishika faili la cc wakati ule ule gcc anapotaka kulifuta, ufutaji hushindikana na faili hubaki. Na ukiona kompaila ikilalamika kwamba haiwezi kuandika katika C:\Windows, jua kwamba TMP na TEMP hazikuwekwa, na mfumo umeirudisha mahali pasiporuhusiwa.

Swali: Mwishowe, Mwalimu, mabaki haya yana madhara gani? Kilobaiti chache si kitu katika diski ya leo.

Yaliyomo /tmp hayana madhara makubwa zaidi ya nafasi yanayoijaza. Yenye madhara ni yale usiyoyahesabu kuwa mabaki: faili la .o lililo katika folda yako ya ujenzi, lenye jina zuri na tarehe mpya, ambalo liliandikwa nusu. Nimesema kwamba gcc ana orodha ya pili, ya vitu vinavyofutwa kazi ikiharibika. Mauti yaliyomzuia kufuta mafaili ya muda yamemzuia pia kufuta objekti hiyo. Na make, ambayo hufuta shabaha isiyokamilika inapopata SIGINT au SIGTERM, haiwezi lolote ikiuawa kwa SIGKILL au umeme ukikatika.

Kesho yake unaandika make. Yeye hulinganisha tarehe tu: hesabu.o ni mpya kuliko hesabu.c, basi hakuna haja ya kulijenga tena, akaenda moja kwa moja kuunga. Bahati ikiwa njema, ld atakataa kwa kusema "file truncated", nawe utaelewa. Na baada ya umeme kukatika huenda faili likawa tupu, baiti sifuri, kwa kuwa mfumo ulikuwa umeandika jina kabla ya kuandika yaliyomo. Aliyezoea kufagia /tmp tu ataifagia tena, atajenga tena, na kosa litamrudia, kwa sababu hakuligusa faili lenye kosa.

Kwa hiyo ukiyakuta mafaili ya cc yaliyosalia, jambo la kwanza litakalokupasa ni kusoma saa zake, na la pili ni kwenda katika folda ya ujenzi ukatafute kila kilichoandikwa karibu na saa hizo. Amri ya find . -name '*.o' -size 0 itakuonyesha yaliyo tupu. Yaliyokatika hayajitangazi, na kwa hayo hakuna hukumu iliyo salama kuliko make clean, au make -B inayojenga vyote upya bila ya kujali tarehe. Na kwa seva zinazojenga programu usiku pasipo mtu wa kuzitazama, andika kanuni ya Makefile ili kompaila itoe hesabu.o.tmp kwanza, kisha mv ilibadilishe jina kuwa hesabu.o baada ya kompaila kufaulu. Ndani ya diski moja, kubadilisha jina ni tendo lisilo na nusu, ama limetokea ama halikutokea, na make haitaikuta objekti yenye jina kamili na mwili usiokamilika hata kama gcc atauawa kila usiku.